Kuku wa Mwalimu

Mwalimu alimtoa kuku wake kapuni kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyetoka kuogeshwa, akamweka juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya mkasi na vipande vya chaki. Kuku alisimama hapo, mweupe pe, hana hata doa. Aligeuza kichwa akamtazama Fundi kwa jicho moja, kisha, kama asiyeamini alichokiona, akamtazama kwa jicho la pili.

"Anaitwa Adabu," alisema Mwalimu.

Fundi alikuwa akishona nguo za watu katika chumba hicho cha mbele tangu binti yake hajaanza kutembea, na katika muda wote huo hakuwahi kutambulishwa kwa kuku. Mwishowe alisema, "Karibu, Adabu," na mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni akakohoa kuzuia kicheko.

Mumewe huyo alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la unga, mtu wa mabega mapana, asiyeogopa mwizi wala mbwa. Lakini Mwalimu alimfundisha hesabu utotoni, na mpaka leo, kila mama huyo alipoingia, Mlinzi alijikuta amesimama wima, mikono nyuma, shati amelichomekea. Siku binti yao alipowaambia kuwa anataka kuolewa na mwana wa Mwalimu, yule fundi umeme mpole anayesema kwa sauti ya chini, Mlinzi alifikiri, halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo atakuwa anakuja hapa?"

Ndiyo, sasa alikuwa anakuja. Alikuwa amestaafu, amerudisha funguo za nyumba ya shule, amehamia kwa mwanawe huyo, ghorofani juu kabisa, ambako mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mnyama. Vyombo vyake alivigawa, na vitabu vyake pia. Alibaki na kisu chake cha jikoni na kuku.

"Nimemlea tangu kifaranga," alisema. "Ninyi mnanipa binti, nami sina kikubwa cha kuwapa. Nawapa huyu." Alitaka kuongeza neno, akafungua mdomo, akaufumba. Alimkuna kuku shingoni kwa ncha ya kidole. "Jumamosi nitakuja kujaribu gauni unalonishonea kwa harusi ya watoto. Nitamsalimia na yeye."

"Utamkuta hapa hapa, Mwalimu," alisema Mlinzi. "Atakuwa na wenzake, amestarehe."

Mwalimu alipoishia kwenye kona, Binti aliegemea mlango na kuufunga kwa mgongo. "Mama, unajua kwa nini uchumba wa kaka mkubwa wa mchumba wangu ulivunjika?"

"Kwa nini?"

"Mwalimu alikwenda kuwaona wale wakwe, akakuta wamemfunga mbwa juani, bakuli halina maji. Akanywa chai yao, akashukuru, akarudi nyumbani. Akasema, nyumba ile hapana."

"Kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya mbwa, Mama."

"Bahati nzuri sisi hatuna mbwa," alisema Mlinzi. Alimkwapua Adabu, akamweka kwapani, akaelekea uani.

*

Uani kwa Fundi kulikuwa na serikali. Mkuu wake alikuwa kuku mwekundu, mnene, mwenye miguu kama ya askari wa gwaride, na kila mtu nyumbani alimwita Afande. Afande alikula kwanza, akanywa kwanza, na akichagua mahali pa kulala, wengine ndio walitafuta pa kujibana. Chini yake alikuwa Shangazi, kazi yake kelele. Chini kabisa alikuwa Kibogoyo, aliyepewa jina hilo na Binti kwa sababu alikula polepole, ingawa ukifikiri vizuri, kuku mwenye meno hajazaliwa. Jogoo alikuwepo pia. Aliitwa Bwana Harusi, kwa vile alipendeza sana na hakuwa na kazi.

Mlinzi alifungua mlango wa banda, akamrusha Adabu ndani, akakung'uta mikono. "Kuku ni kuku," alisema. "Watajuana wenyewe." Akaenda kulala, maana mtu wa zamu ya usiku, usiku wake ni mchana.

Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani aliposikia kelele, kelele kama za soko linalovunjwa. Alitoka mbio, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, pini zimejaa mdomoni. Adabu alikuwa amefukuzwa bandani mpaka kwenye pembe ya ukuta wa ua, kichwa amekichomeka ndani ya ndoo iliyolala ubavu, na wenyeji wote wako mgongoni kwake. Shangazi alikuwa akipiga mbiu. Afande yeye hakuwa na haraka, alinyofoa manyoya moja moja kama mwanamke anayechambua mboga. Bwana Harusi alikuwa juu ya ukuta, ameangalia upande wa pili, kana kwamba amesikia anaitwa huko.

Kwa pini alizokuwa nazo mdomoni Fundi hakuweza kupiga kelele. Alipiga miguu chini, akavua futi shingoni na kuwatawanya nayo kama bakora. Alipomwokota Adabu, shingo ilikuwa tupu, upanga mwekundu wa kichwani unachuruzika damu, na mgongoni kulikuwa na uwanja mtupu wa ngozi, upana wake kama kiganja.

Mlinzi alitokea, macho mekundu kwa usingizi. Alimtazama kuku, akamtazama mkewe.

"Ni manyoya tu," alisema. "Yataota."

"Mpaka Jumamosi?"

Mlinzi alikaa kwenye kizingiti taratibu. "Atanipigisha magoti," alisema.

"Baba watoto, una mvi."

"Hazitanisaidia."

*

Adabu alihamia chini ya meza ya kukatia, ndani ya boksi la viatu vya gamboti. Wateja walimkuta hapo. Karani mmoja wa benki alikuja kuchukua suruali yake, akaikuta imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, na juu yake kuna yai la moto. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hilo ni nyongeza," alisema, akiwa hajui limetokea wapi neno hilo. Karani aliitazama suruali, akalitazama yai, akavichukua vyote viwili. Kesho yake alirudi kuuliza kama kuna nguo nyingine aliyoisahau.

Si wote waliochukulia hivyo. Mke wa mkubwa mmoja wa ofisi, aliyekuwa ameleta kitambaa cha bei kwa gauni la sherehe, alikanyaga pale ambapo Adabu alikuwa ametoka kujisaidia. Alinyanyua pindo la nguo yake, akainua kiatu, akakichunguza. "Sikujua siku hizi mmechanganya biashara," alisema, na akaomba kitambaa chake. Kilikuwa bado hakijakatwa. Fundi alikikunja mwenyewe, akakitia kwenye mfuko, akamsindikiza mpaka langoni huku akimshukuru, na aliporudi alikaa mbele ya cherehani bila kushona kitu. Kazi ile alikuwa ameitegemea.

"Nenda kamwambie Mwalimu ukweli," alisema Mlinzi.

"Nenda wewe."

Mlinzi hakwenda.

Jirani yao muuza mboga alikuwa na dawa. Alisimama uani na karai lake kichwani, akawatazama kuku, akatikisa kichwa kwa uangalifu ili nyanya zisidondoke. "Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfungeni."

"Tukimfunga watamla akiwa amefungwa," alisema Fundi.

"Basi waogesheni wote kwa sabuni moja. Kuku wanajuana kwa harufu. Wakinukia sawa, watadhani ni ndugu."

Mlinzi alikuwa amefikia hatua ya kushika hata unyasi. Alijaza beseni maji ya uvuguvugu, akachukua sabuni ya waridi ya Binti, akakunja suruali mpaka magotini. Kumkamata Afande kulimchukua muda mrefu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa vigumu kusema nani anamkamata nani. Shangazi aliogeshwa akilaani. Bwana Harusi peke yake ndiye aliyefurahia, alifumba macho, akanyoosha shingo, na alipomaliza kuogeshwa hakutaka kutoka beseni­ni. Walianikwa juani, wamejikunyata, wembamba kama vijiti, na Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Walipokauka walikuwa wananukia kama watu wanaokwenda harusini. Wakamwona Adabu, wakamkimbiza tena, wakinukia vilevile.

"Nani amemaliza sabuni yangu?" aliuliza Binti aliporudi kutoka kazini.

Ndipo Fundi alipokwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa msichana aliyekuwa akila karanga. Alisikiliza habari yote bila kuacha kutafuna.

"Mlimrusha tu ndani?" aliuliza. "Hata wewe mama, ukirushwa sebuleni kwa watu usiowajua, watakupiga. Wawekeeni wavu katikati, waonane bila kugusana. Vyombo vya chakula viwe viwili, wasigombee. Halafu jioni moja, giza likianza kuingia na wao wameshapanda kulala, mchukue umweke kwenye ufito, pembeni yao. Kuku gizani hana ugomvi. Mengine ni subira."

"Subira ya muda gani?"

"Wiki mbili. Au tatu."

"Tuna mpaka Jumamosi."

Msichana alimpa konzi ya karanga, kama pole. "Basi muwe na bahati."

Wavu ulitoka kwenye dirisha la chumba chao cha kulala. Mlinzi aliung'oa, akaupigilia misumari katikati ya banda, na mbu wa mtaa mzima wakapata habari. Fundi alilala amejifunika shuka gubigubi, akijikuna na kucheka peke yake gizani, akiwaza kwamba amezaa, amelea, ameshona magauni ya maharusi wasio na idadi, na leo analiwa na mbu kwa sababu ya heshima ya kuku.

Lakini wavu ulifanya kazi. Siku ya kwanza Afande aliupiga kwa mdomo mpaka akachoka. Siku iliyofuata alipita tu mbele yake kama askari wa doria. Kibogoyo, ambaye hakuwahi kuwa na wa chini yake wala wa kuongea naye, alikuja akalala ubavuni mwa wavu, na Adabu akalala upande wake, wakawa wamegusana manyoya kupitia matundu. Fundi alimwita mumewe aje aone. Walisimama hapo wawili, mikono viunoni, kama wazazi wanaochungulia darasani.

Ijumaa, jua lilipozama na kabla Mlinzi hajaenda zamu, alimbeba Adabu akamweka kwenye ufito karibu na Kibogoyo. Afande alitoa mlio mmoja wa kuuliza. Shangazi akajibu kitu. Kisha kimya. Mlinzi alitoka bandani kwa kunyata, akaenda kazini akipiga mluzi.

*

Jumamosi asubuhi walishuka wote pamoja, na kwa muda Fundi aliamini kwamba mambo yameisha. Kisha jua likamwangazia Adabu mgongoni, pale palipokuwa wazi, na Afande akapaona. Alidonoa. Shangazi naye akaja kuona Afande amedonoa nini. Kuku akiona ngozi nyekundu ni kama mtoto na kigaga cha kidonda, hawezi kukiacha.

Fundi alimwokoa na kukimbilia ndani. Tatizo halikuwa kuku tena, tatizo lilikuwa ngozi, na ngozi ikiwa wazi hufunikwa. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Alivuta kipande kilichokuwa juu ya rundo la mabaki kando ya cherehani, kitambaa cha zambarau chenye maua ya dhahabu, akampima Adabu kifua na mgongo, na kuku akatulia kama mteja wa siku zote. Mkasi ukapita, cherehani ikalia. Kikatoka kizibao, chenye matundu mawili ya mabawa na kifungo kimoja kifuani. Kilimkaa sawasawa.

"Mama," alisema Binti, "umefanya nini?"

"Nimefunika aibu."

"Wakiuliza, tuseme ananyonyoka. Kuku hunyonyoka. Ni msimu."

"Sawa. Ni msimu."

Mlinzi, aliyekuwa amerudi zamu na kuvaa pajama, alimpokea Adabu na kizibao chake, akamrudisha uani. Kuku wote waliinua vichwa. Wakamtazama huyo kiumbe wa zambarau. Afande, ambaye mbwa wa jirani alikuwa akimpisha njia, alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akapiga ukelele ambao nyumba hiyo haikuwahi kuusikia, akakimbia. Wengine wote wakamfuata. Adabu aliona wenzake wanaondoka, na kwa vile baada ya usiku mmoja mzuri kwenye ufito hakutaka tena kubaki peke yake, akawafuata nyuma kwa upendo wote. Kadiri alivyowafuata ndivyo walivyokimbia. Walizunguka uwanja mara kadhaa, wakaangusha ndoo, wakapita chini ya kamba ya nguo, wakachomoka kwenye kichochoro cha pembeni na kufika mbele ya nyumba wakati uleule ambao Binti alikuwa anafungua lango.

Langoni alikuwa amesimama Mwalimu, mkoba mkononi, na nyuma yake mwanawe na kifurushi cha matunda.

Afande alipita kati ya miguu ya Mwalimu. Shangazi akapita juu ya kifurushi. Bwana Harusi akaruka, akatua kwenye bega la fundi umeme, akajifikiria, akaruka tena. Kibogoyo alipita mwisho kati ya wenyeji, akihema. Na nyuma yao, kizibao kikimeta kwenye jua, akapita Adabu. Na nyuma ya Adabu, kwa pajama na miguu mitupu, akapita Mlinzi, mpaka alipogundua amempita nani. Alisimama ghafla katikati ya barabara. Mikono ikaenda nyuma yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alisema Mwalimu. Hakuwa akimtazama. Alitazama mwisho wa barabara, ambako muuza mboga alikuwa amepanda juu ya kigoda na karai lake. Kisha akaita, si kwa sauti kubwa, "Adabu."

Kuku mweupe alisimama. Akageuka. Akarudi mbio, mabawa yamepanuka, mpaka miguuni kwa Mwalimu.

*

Walikaa katika chumba cha mbele. Fundi umeme alikuwa nje, amepanda ukuta wa jirani akimbembeleza Afande ashuke. Mwalimu alimpakata Adabu, akafungua kile kifungo, akavua kile kizibao, akaona.

Binti alimtazama mama yake. Midomo yake ilikuwa tayari imeanza kuumba neno msimu.

Fundi alikuwa nalo neno hilo ulimini. Lakini alimwona Mwalimu anavyoipitisha ile ncha ya kidole kando ya kidonda bila kukigusa, na neno likamkwama.

"Tulimtupa ndani, mkwe," alisema. "Hatukujua. Wenzake wakampiga, akaumia, na tukaogopa kukuambia. Tumemwekea wavu, tumewaogesha wote, tumemlaza humu ndani. Kizibao nimeshona mimi, wasimdonoe. Ndicho kilichowatia kichaa."

Mlinzi aliinua mkono, kama darasani. "Aliyemtupa ni mimi."

Mwalimu alimweka kuku sakafuni, akasimama, akajinyoosha nguo. "Naomba nijaribu gauni," alisema.

Sauti ilikuwa kavu hata Binti akakaa chini. Fundi alimpa gauni, Mwalimu akaingia nyuma ya pazia. Walisikia kitambaa kikipita juu ya kichwa, zipu ikipanda. Kisha kimya.

"Mkwe," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Mkono wa kushoto uko wapi?"

Pazia likafunguliwa. Mwalimu alisimama mbele ya kioo ndani ya gauni la zambarau lenye maua ya dhahabu, limemkaa vizuri mabegani, limemkaa vizuri kiunoni, mkono wa kulia umefika kwenye kifundo kama ulivyotakiwa. Wa kushoto ulikuwa mtupu kuanzia begani.

Fundi alitazama rundo kando ya cherehani. Halafu, polepole, alitazama kizibao kilichokuwa kwenye kiti. Kila mtu akakitazama. Hata Adabu alikitazama, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa la pili.

"Umemvalisha kuku mkono wangu," alisema Mwalimu.

Fundi alifunika uso kwa viganja. Alisubiri. Kilichomfikia kilikuwa mlio mdogo, kama birika linaloanza kuchemka, na alipochungulia kati ya vidole aliona mabega ya Mwalimu yanatikisika. Mlio ukakua. Mwalimu alijaribu kuuzuia, akashika kioo, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na gauni lake la mkono mmoja, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Mlinzi, ambaye tangu utotoni hakuwahi kusikia mama huyo akicheka, alimtazama mkewe kuuliza kama ni salama. Kisha akaanza naye. Fundi umeme aliingia amemkumbatia Afande, amejaa mikwaruzo, akakuta mama yake yuko chini, mkwewe wa kiume ameegemea ukuta akifuta machozi, na mchumba wake anapiga meza kwa ngumi. Hakuna aliyeweza kumweleza.

"Nilijua," alisema Mwalimu alipopata pumzi. "Njia nzima kurudi nyumbani nilijua mtamtupa ndani. Kuku mgeni ana taratibu zake, na mimi nazijua zote. Lakini huyu mwanangu alikuwa ameniomba. Mama, alisema, ukienda kwa wakwe, tafadhali, usifundishe. Basi nikauma ulimi. Kuku wangu akapigwa kwa sababu ya ulimi wangu."

"Mama, sikuwa na maana ya kuku," alisema mwanawe.

"Najua. Maana yako ilikuwa njema. Maana zenu zote ni njema." Alijifuta macho kwa mkono wa kulia, ule wenye nguo. Kicheko kilikuwa bado kinampitia, lakini sasa kilikuwa kinapungua. "Kule ghorofani nikishika ufagio, Mama, pumzika. Nikiingia jikoni, Mama, kaa, usijisumbue. Nimekaa mpaka mgongo unaniuma, mkwe. Mimi niliyekuwa napiga kengele, watoto wa shule nzima wanasimama. Siku hizi sijui hata chumvi inawekwa wapi."

Fundi umeme aliinamisha kichwa, kidevu kikagusa upanga wa Afande, na Afande, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakudonoa. Binti alimtazama Mwalimu muda mrefu. Alikuwa amekesha wiki nzima akimwogopa mwanamke huyu, akijiuliza ataishi naye vipi ndani ya nyumba moja, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayejiuliza swali hilohilo.

*

Kuku waliokuwa mtaani walirudi wenyewe, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye ulevi. Mikono ya gauni ikaamuliwa iwe mifupi yote miwili, na Mwalimu alisema afadhali, hata hivyo siku ya harusi itakuwa na joto. Alishinda hapo mchana wote. Alivua viatu, akaenda uani, akauliza majina ya wenyeji na cheo cha kila mmoja. Alimwambia Mlinzi asogeze vyombo vya chakula mbali zaidi, na Mlinzi akasogeza. Alimwambia apake kile kidonda dawa ya zambarau ya vidonda, ili wekundu usionekane, na Mlinzi akapaka, mpaka vidole vyake vikawa vya rangi moja na gauni.

Jua lilipoelekea kuzama wote walitoka kuangalia, hakuna aliyemwita mwenzake. Afande alipanda kwanza kwenye ufito. Shangazi akafuata akilalamika. Kibogoyo akapanda pembeni kabisa, mahali pake. Adabu alibaki chini akitazama juu, shingo tupu, mgongo wa zambarau. Aliruka, akakosa, akaanguka. Fundi alitaka kwenda kumsaidia, Mwalimu akamshika mkono. Adabu aliruka tena, akapata ufito kwa ukucha mmoja, akapepesuka, akaubana mwili wake kati ya Kibogoyo na ukuta. Afande alinyoosha shingo, akamdonoa mara moja, si kwa moyo, kama karani anayegonga muhuri. Kisha akasogea kidogo. Kidogo tu, lakini alisogea, na safu nzima ikasogea naye.

"Haya," alinong'ona Mlinzi, akafunga mlango wa banda taratibu kama wa chumba cha mtoto, na ni kuku tu.

Mwalimu alivaa viatu. Alichukua mkoba wake, akaanza kuaga, akishukuru kwa maneno yaliyonyooka kama anasoma hotuba. Binti alimkatiza.

"Mama, bado hatujapika," alisema. "Nisaidie kukata vitunguu. Mimi mikono yangu imejaa unga."

Mikono yake haikuwa na unga wowote. Mwalimu aliitazama mikono hiyo, akamtazama mwenyewe usoni. Aliutua mkoba. Aliingia jikoni haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Fundi alibaki uani na mumewe. Kutoka dirishani walisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, zote, hata zile zisizo na kitu. Walisikia kisu kikijaribiwa kwenye ubao.

"Nani anakitumia kisu hiki?" iliuliza sauti ya Mwalimu.

"Sote, Mama."

"Hakina makali. Mnakatia nini, mnasaga? Na kitunguu hakishikwi hivyo. Lete mkono wako. Hivi."

Binti alikuwa anacheka, na fundi umeme naye, ambaye alikuwa ameambiwa aoshe sufuria na alikuwa anaziosha.

"Hatuna kingine, Mama," alisema Binti.

"Basi endeleeni kuumia na hiki leo," alisema Mwalimu. "Kesho nitaleta changu."